Uso umepooza baada ya kutolewa uvimbe? Anza na jicho, alafu uliza habari za mshipa

Naandika hii kwa mtu aliyeamka kutoka nusu kaputi, akaambiwa "hebu cheka kidogo", akaona daktari na nesi wanaangaliana. Mimi yalinikuta. Nilikuwa na kivimbe chini ya sikio la kushoto, kilianza kama punje ya harage kikaja kuwa kama ndimu, hakiumi, nikakaa nacho miaka minne nauza mitumba pale Memorial Moshi nakifunika na mtandio, mpaka siku nikakubali kitolewe. Kilitoka vizuri ila uso ukaenda upande. Jicho halifumbi, mdomo umevutwa kulia, chai inamwagika kifuani. Mama alipofika kutoka Rombo akaniona wodini akasema mwanangu umepigwa kiharusi, na wiki nzima nikamwamini yeye kuliko daktari.

Sio kiharusi. Ni hivi, kuna mshipa wa fahamu mmoja kila upande, wenyewe wanauita neva ya saba, ndio unaoamuru nyama za uso. Unatoka kwenye ubongo, unapita ndani ya mfupa nyuma ya sikio, alafu unaingia katikati ya tezi ya mate iliyoko mbele ya sikio, na humo humo unagawanyika matawi makubwa matano, paji la uso, jicho, shavu, mdomo, shingo. Kwa hiyo anayetoa uvimbe kwenye tezi ile anafanya kazi kama mtu anayetoa jiwe kwenye mizizi bila kukata mizizi. Na wale wenye uvimbe wa ndani zaidi, ule wa neva ya kusikia ambayo ni ya nane, wao neva ya saba na ya nane zinatembea bega kwa bega, ndo maana mtu anaenda kutibiwa sikio anarudi na uso umelala.

Mimi sio daktari, ni mama muuza nguo aliyepitia haya na kuuliza maswali mengi mpaka watu wakanichoka. Fuata kwa mpangilio huu.

HATUA YA 1: Jicho, leo leo, kabla hujatoka wodini

Uso utasubiri, mdomo utasubiri, jicho halisubiri. Hapa nitakaa sana maana hapa ndo nilipoumia. Niliruhusiwa na dawa ya maumivu na antibayotiki, hakuna aliyenigusia habari ya jicho (hospitali siitaji). Siku ya nne nikapanda daladala, ilikuwa kiangazi kile cha mwezi wa pili ambacho vumbi la Moshi linaingia mpaka kwenye chumvi, dirisha wazi, nimefika nyumbani jicho jekundu kama pilipili. Nikadhani ni vumbi tu nikanawa maji. Kesho yake kwenye kliniki ya macho wakanidondoshea dawa ya rangi ya chungwa, wakamulika na taa ya bluu, wakaniambia kioo cha jicho kina mchubuko. Kile kioo cha mbele kikikauka kinachubuka, kikichubuka kinapata kidonda, kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe na unapoteza uwezo wa kuona. Yaani uvimbe unapona, jicho linaenda.

Kwa hiyo fanya hivi. Mchana weka matone ya machozi ya bandia kila saa moja au mawili, usisubiri jicho liwashe. Kwa kuwa hapo unayatumia zaidi ya mara nne au sita kwa siku, omba yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi, maana ile ya kuhifadhi ikizidi nayo inachoma. Chupa ukiifungua andika tarehe kwa peni, nyingi mwisho wake ni mwezi mmoja, hata kama imebaki nusu tupa. Usiku weka ile dawa ya mafuta ya tyubu ndani ya kope ya chini, itakufanya uone ukungu ndo maana ni ya usiku, alafu fumba kope kwa kidole na ubandike plasta ya karatasi kutoka kope ya juu kushuka shavuni. Hakikisha jicho limefumba KABISA ndipo ubandike. Usiweke pamba au shashi juu ya jicho ambalo liko wazi chini yake, ile shashi inasugua kioo usiku kucha na asubuhi una kidonda ulichojitengenezea mwenyewe.

Mtu wa nyumbani akumulike na tochi ya simu ukishalala. Akiona weupe wa jicho unachungulia, plasta haijashika, rudia.

Ukitoka nje vaa miwani inayokumbatia pembeni, hata hizi za vumbi za mafundi welda zinafaa, usione aibu. Bodaboda achana nayo kwa sasa, na ukikaa kwenye basi usikae dirishani, na wa Arusha ule upepo wa Kisongo mnaujua wenyewe. Kila ukikumbuka mchana vuta kope ya juu kwa kidole kisafi ifumbe sekunde mbili tatu, ndo kupepesa kwako huko.

Nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo kama jicho linauma, limekuwa jekundu, mwanga unalichoma, unaona ukungu mchana, au kuna doa jeupe. Na hapa wale mliopasuliwa ndani ya kichwa nisikilizeni vizuri: kama upande ule shavu limekufa ganzi, basi na kioo cha jicho kinaweza kuwa na ganzi, yaani unaweza kuwa na kidonda na usisikie CHOCHOTE. Nyie msisubiri maumivu, mnatakiwa kuangaliwa macho kwa ratiba hata kama mnajisikia salama.

Maziwa ya mama, asali, maji ya mlonge, hapana. Na matone ya rangi rangi ya duka la dawa hapana pia, mengine yana steroidi na kwenye kidonda yanaharibu zaidi.

Kama uso unaonekana utachukua muda, daktari anaweza kukuambia habari ya kushona pembe ya kope kwa muda ili jicho lipungue upenyo. Nilikataa mara ya kwanza, nikaona nitakuwa kituko. Mara ya pili nikakubali na ningekubali mapema. Zinafunguliwa baadaye zile nyuzi. Wengine wanawekewa kauzito kadogo ka dhahabu au platinamu ndani ya kope ya juu, kama gramu moja hivi, ukilegeza kope inashuka yenyewe kwa uzito. Hako nako kanatolewa neva ikirudi. Kwa hiyo ukiambiwa habari ya kope usidhani wamekukatia tamaa, wanakununulia muda.

HATUA YA 2: Uliza swali la mshipa, na jibu liandikwe

Hili ndo swali ambalo maamuzi yote yanatundikwa juu yake na mimi nililiuliza baada ya wiki sita, nilikuwa naogopa kumuudhi daktari. Usiogope. Mwambie hivi: "Daktari, naomba kujua, ule mshipa wa uso mliuona? Mliuacha mzima, au ulikatika, au mliukata makusudi kwa sababu uvimbe ulikuwa umeushika? Kama ulikatika, mliuunganisha?" Kama walitumia kile kimashine cha kupima neva wakati wa opareshoni, uliza mwishoni ilikuwa inaitika au la. Alafu omba ripoti ya opareshoni na majibu ya kinyama (kile kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara), nakala, uweke kwenye bahasha yako. Ukipewa rufaa hiyo bahasha ndio mdomo wako.

Kwa nini swali hili? Kwa sababu majibu yanakupeleka njia tofauti kabisa.

Mshipa mzima ila umevutwa au umeshtuka: unasubiri, na kusubiri huku ni matibabu. Wengine uso unarudi wiki chache, wengine miezi. Kama nyuzi za ndani ya mshipa zilikufa zinaota upya taratibu sana, kama milimita moja kwa siku, sasa pima mwenyewe kutoka sikioni mpaka kona ya mdomo, na kama umeumia ndani ya kichwa ongeza safari, utaelewa kwa nini wanasema miezi. Mimi nilikuwa kundi hili. Mwezi wa tano tangu opareshoni ndo kona ya mdomo ikatikisika.

Mshipa umekatika na haukuunganishwa: HAPO USISUBIRI. Hauoti wenyewe kuvuka pengo. Wanatakiwa kuunganisha mapema iwezekanavyo, na kama kuna pengo wanachukua kipande cha neva kingine, mara nyingi cha nyuma ya mguu chini ya goti au cha shingoni karibu na sikio, wanapachika. Utabaki na ganzi kidogo pembeni ya unyayo au kwenye sikio, ni biashara nzuri tu.

Uliamka uso ukiwa mzima alafu siku ya tatu ya nne ukalegea: rudi ukaseme siku hiyo, ila usilie, hii kwa kawaida ina maana mshipa upo na umevimba, na mara nyingi unarudi vizuri.

Na kama uso ulikuwa umeanza kulegea KABLA ya upasuaji, hakikisha limeandikwa kwenye faili, maana uvimbe wa tezi ya mate unaolegeza uso wenyewe unawapa madaktari wasiwasi wa saratani. Uvimbe mwingi wa tezi ile sio saratani jamani, tuelewane, lakini hiyo dalili haifichwi.

Uliza pia uko namba ngapi kwenye kipimo cha House-Brackmann, kipo tangu 1985, kinaanza 1 uso wa kawaida mpaka 6 haujongei kabisa. Nilianza 5. Kujua namba kunakusaidia kuongea na daktari mwingine kwa lugha yake.

HATUA YA 3: Kalenda na simu yako

Kila tarehe moja ya mwezi jirekodi video, mahali pale pale, mwanga ule ule, bila kujipodoa. Uso umetulia, nyanyua nyusi, fumba macho taratibu, fumba kwa nguvu, cheka na meno, kusanya midomo kama unapiga mluzi, jaza hewa mashavuni. Nusu dakika. Wewe kila siku ukijiangalia kwenye kioo huoni badiliko, video inaona.

Sababu ya kalenda ni kwamba nyama ya uso isiyopata neva inanyauka. Mwaka wa kwanza bado inaweza kuamshwa, ikifika mwaka na nusu kwenda miwili mlango unakuwa umefungwa au umebaki ufa, na hata ukipachikwa neva mpya hakuna nyama ya kuamuru. Kwa hiyo mshipa mzima, subiri, lakini usubiri na macho. Miezi mitatu rudi. Miezi sita kama hakuna HATA kutikisika, mwambie daktari wazi unataka rufaa ya kuonana na mtu wa upasuaji wa uso, na uliza habari ya kipimo cha umeme wa misuli, EMG, kinaonyesha kama nyuzi zimeanza kufika hata kabla hujaona kwa macho. Nimekutana na baba mmoja wa Hai, ameambiwa na kila mtu "Mungu ni mwema subiri", amesubiri miaka mitatu. Mungu ni mwema kweli ila na kalenda alituachia.

Huku kwetu pa kuanzia ni kwa aliyekupasua au idara ya masikio, pua na koo, KCMC ndo rufaa ya kanda, na mambo ya ndani ya kichwa wengi wanaishia MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar. Sio kila upasuaji wa kurudisha uso unafanyika kila mahali, uliza "hapa mmefanya wangapi" bila aibu. Ukiwa na bima uliza kabla nini inalipa, usije ukajua dirishani.

Wakikupa machaguo yatakuwa ya namna hii. Mapema, nyama ikiwa bado hai: kuunganisha neva ya uso na neva ya ulimi, au na ile ya kutafuna, hii ya kutafuna unajifunza kung'ata meno ndo mdomo unacheka, mwanzo inachekesha alafu ubongo unazoea. Muda ukiwa umepita: kuhamisha nyama ya kutafuna ya pembeni ya kichwa ivute kona ya mdomo, au kuchukua kipande cha nyama ya paja na mshipa wake wa damu na kukipandikiza shavuni, opareshoni ndefu hiyo. Au kunyanyua tu shavu na mdomo kwa utepe wa nyama ngumu ya pajani, haujongei lakini haushuki, na kwa mzee ambaye hataki nusu kaputi ya masaa kumi hilo ni jibu la heshima kabisa. Hakuna hata moja inayorudisha uso wa zamani mzima mzima, anayekuahidi hivo mkimbie.

HATUA YA 4: Uvimbe wenyewe, umeisha?

Watu wakishaona uso wanasahau kilichowapeleka. Soma majibu ya kinyama. Kama ni ule usio wa saratani na umetoka wote, unafuatiliwa kwa miaka, maana ule wa kawaida zaidi wa tezi ya mate unaweza kurudi baada ya muda mrefu sana na opareshoni ya pili ni hatari zaidi kwa mshipa kuliko ya kwanza. Kama ni saratani na wanataka mionzi, usiahirishe mionzi kwa ajili ya uso, na wala usiambiwe kwamba mionzi inazuia kupachikwa neva, haya mawili yanaenda pamoja. Mionzi inapatikana hospitali kama Ocean Road Dar, au Bugando Mwanza, watakupangia.

Wale wa neva ya kusikia, unaweza kusikia "tumebakiza kidogo". Nilimsikia dada mmoja anataka kushtaki. Dada yangu, mara nyingi wanabakiza ganda jembamba lililogandia mshipa MAKUSUDI ili uso wako usife. Swali ni sasa tunafanya nini na hicho kilichobaki: kukiangalia kwa picha ya MRI kila baada ya muda, au mionzi ya kulenga, au kurudi tena kwenye kisu. Uvimbe ule kwa kawaida unakua polepole, una nafasi ya kufikiri. Nenda na mtu mmoja anayejua kuandika, sio watano wanaojua kulia.

HATUA YA 5: Kula, kuongea, na mazoezi

Mtori. Sina la kuongeza. Wiki za kwanza mtori mzito kwa kijiko kidogo, upande mzima, na ukinywa kitu bana kona ya mdomo iliyolala kwa vidole viwili. Mrija unavuja, na kibuyu cha mbege ndo usijaribu mbele za watu, nilijaribu kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji. Baada ya kula pitisha kidole kati ya shavu na fizi, chakula kinajificha kule hukisikii na meno yanaoza kimya kimya. Herufi p, b na m zitakushinda, shikilia shavu kwa kiganja ukiongea na simu.

Mliopasuliwa tezi ya mate, sehemu ya chini ya sikio, pale pa hereni, inaweza kuwa na ganzi. Mimi nilichomwa na draya saluni sikuhisi mpaka dada wa saluni alipopiga kelele. Na miezi ikipita unaweza kushangaa shavu linatoka jasho ukila, neva ya kuamuru mate imeota ikaingia kwenye tezi za jasho, haina hatari, wengine wanapaka ile ya kwapani ya kuzuia jasho na inasaidia.

Mazoezi, hapa wengi tunajiharibu. Wakati uso haujongei kabisa hakuna zoezi la kuulazimisha. Kanda shavu taratibu kwa vidole kwenda juu, basi. Big jii asubuhi mpaka jioni haisaidii, kutafuna ni neva nyingine kabisa. Zile mashine za umeme anazokuja nazo jirani achana nazo. Ukianza kuona kutikisika ndo unakaa mbele ya kioo, unafanya KIDOGO na polepole, upande mzima unauzuia kwa mkono usiburute mwenzake. Ukikunja uso wote kwa nguvu unazifundisha nyuzi mpya njia mbaya, maana zikirudi hazikumbuki nyumba zao, ya mdomo inaingia kwa jicho, ya jicho inaingia shavuni. Ukicheka jicho linafumba. Fizio anayejua habari za uso anaweza kukusaidia kuitenganisha, na ikizidi sana kuna sindano ya botoksi ya kulegeza, inarudiwa kila baada ya miezi.

HATUA YA 6: Watu

Tengeneza sentensi moja na uikariri. Yangu ilikuwa "nilitolewa uvimbe, mshipa wa uso ukaumia, unarudi taratibu". Ya jini, ya upepo mbaya, ya mke mwenza ambaye hata sina, nilizisikia zote sokoni na nilijibu sentensi ile ile. Mama yangu nilimtuliza na paji la uso: kiharusi mara nyingi kinaacha paji linakunjika, langu upande wa kushoto lilikuwa laini kama la mtoto. Ila ukiona mkono au mguu nao umelegea ghafla, au ulimi umekuwa mzito ghafla, hapo usipime paji, kimbia hospitali.

Mimi sa hivi ni namba 2, miaka mitatu imepita. Plasta ya usiku niliacha mwezi wa nane tangu opareshoni. Kilichobaki ni ile ya nyuzi kupotea njia, nikitafuna jicho la kushoto linajifumba lenyewe. Kwa hiyo ukipita Memorial ukaona mama anakula mahindi ya kuchoma huku anakukonyeza, kaka yangu endelea na safari, ni neva.